Grisi Kwenye Upinde wa Papa

Wiki iliyopita nilipeleka gari letu garaji, kule Buyenzi, kwa sababu gurudumu la mbele lilikuwa linalia. Fundi alifungua kopo la grisi, akachota kwa vidole viwili, na ile harufu iliponifika nikajikuta nimeficha mikono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Mimi, mama wa watoto watatu, mtu wa kupewa shikamoo mtaani! Fundi akaniangalia, akauliza, "Mama, umeumia mukono?" Nikamwambia apana, sijaumia. Kisha nikaenda kusimama ng'ambo ya barabara mpaka alipomaliza.

Wengi wenu wa rika langu mliokulia Bujumbura mnamjua Papa kwa mgongo wake. Ndiye yule bwana mwembamba, koti jeusi likimpwaya mabegani, aliyeiongoza okestra yetu miaka mingi, Krismasi na Pasaka, misa za maharusi wakubwa, na ilipoalikwa Bukavu na Kigali ni yeye aliyekwenda nayo. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya hapo alikuwa mpiga fidla, tena fidla ya kwanza. Watu wakimuuliza alivyopata kuwa kiongozi alijibu, "Ni Mungu alinipandisha," halafu akabadilisha maneno. Si kweli. Aliyempandisha ni mimi, nikiwa na miaka saba, na grisi ya jirani yetu.

Fidla alijifunza kwa mapadri, seminari ndogo. Upadri ukamshinda, fidla ikabaki. Mchana alikuwa karani wa serikali, mtu wa mafaili, na jioni alikwenda ukumbi wa parokia kufanya mazoezi. Alianza kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali ambapo alisema amekula vumbi kuliko alivyopiga nota. Wapiga fidla hukaa wawili wawili, kila wawili na karatasi zao mbele. Wakifika mwisho wa ukurasa, wa nje anaendelea kupiga na wa ndani anaacha kupiga ili ageuze. Papa alisogea kiti baada ya kiti, miaka na miaka, mpaka akafika mbele kabisa, kiti cha nje. Aliyekaa naye, wa kugeuza ukurasa, alikuwa Tonton Severini.

Tonton, yaani mjomba, ndivyo nilivyomwita, maana alikuwa rafiki wa Papa tangu seminari. Alikaa Carama, alikokuwa na mashine ya kusaga mahindi, na hata akivaa suti ya konseri hukukosa kuona unga kwenye nyusi zake. Kila Ijumaa alikuja kwetu Buyenzi na fidla yake mgongoni, wakapiga pamoja, wakanywa chai ya tangawizi, wakataniana kuhusu nani kati yao alifukuzwa seminari na nani aliondoka mwenyewe. Mimi nilikuwa nikikaa chini ya meza kati ya miguu yao na nilidhani watu wote wazima wana rafiki wa namna hiyo.

Halafu Padiri aliyeianzisha okestra akaanza kuumwa magoti. Ikajulikana kwamba anahamishwa mji wa Ngozi, akapumzike, na kwamba kabla hajaondoka atamwachia mtu kile kijiti chake cha kuongozea. Kila mtu alijua ni mmoja wa wale wawili wa mbele. Padiri akasema Jumamosi atamsikiliza kila mmoja akipiga peke yake, mbele ya wenzao wote, na hapo ndipo atasema.

Wiki ile nyumba yetu iligeuka. Papa hakula vizuri, hakulala vizuri, na alikuwa akitutazama kana kwamba sisi ndio tuliokaa kiti cha Padiri. Akitoka kazini alivua koti na kuanza. Adhana ya msikiti wa barabara ya juu ilipoanza alisimamisha mkono, upinde juu, akangoja muadhini amalize, kwa heshima ya majirani, kisha akaendelea palepale alipoachia. Lakini alichokipiga hakikumpendeza hata kidogo.

"Sikia hii vyolo!" alimwambia Mama. Nyumbani fidla tuliiita hivyo. "Sikia! Inalia kama mulango. Jumamosi Padiri atanisikia hivi hivi? Mi nimekufa."

"Utakufa na njaa kwanza, Papa Nadine," Mama alisema, akimwita kwa jina langu. "Njo ukule."

Hakwenda kula. Alichukua kolofani, kile kipande cha ulimbo mkavu ambacho wapiga fidla husugulia kwenye singa za upinde, akakisugua na kusugua. Kilikuwa kimebaki kidogo kuliko ukucha, kimepasuka, kinadondosha unga mweupe. Akakitupa mezani, akashika kichwa. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima ameshika kichwa namna ile isipokuwa msibani.

Sasa lazima mjue tulikuwa tunakaa wapi. Kushoto kwetu garaji, kulia garaji, na mbele duka la spea. Mzee Rajabu wa kushoto alikuwa ananiruhusu kukaa kwenye tairi kuukuu nikimwangalia, mradi nisiguse kitu. Kutoka kwake ndiko nilikopata elimu yangu ya kwanza duniani, na ilikuwa fupi: "Kitu kikilia kinaomba mafuta, mutoto. Ukiona grisi imekauka, unatoa ya zamani, unapaka mupya. Ni ivyo tu." Nilimwona akifanya hivyo kwa mageti, kwa baiskeli, kwa malori ya mchanga. Vyote viliingia vikilia na vikatoka kimya. Kwangu mimi hakukuwa na ugonjwa mwingine chini ya jua.

Ijumaa jioni Tonton Severini alikuja kama kawaida, ingawa safari hii hawakutaniana. Aliuchukua upinde wa Papa, akaujaribu, akasema, "Hauna neno. Ni woga tu unakusumbua." Papa akauchukua, akaurudisha kashani. Mimi chini ya meza niliamua kwamba Tonton hajui mashine, pamoja na kwamba ana moja.

Jumamosi asubuhi, Papa akiwa bafuni, nilikwenda kwa Mzee Rajabu. Alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Nikachota grisi, kidogo, kiasi cha kujaa kijiko, nikaifunga kwenye jani la daftari. Nyumbani nikafungua kasha la fidla, nikautoa upinde, nikaanza kwa kufuata kanuni: nikafuta ule unga mweupe wote kwa kitambaa, kwa sababu ndiyo ilikuwa grisi ya zamani iliyokauka. Kisha nikapaka mpya, toka mwanzo wa singa mpaka mwisho, nikaifuta vizuri isionekane. Nilikuwa na furaha ambayo bado naikumbuka. Nilitaka iwe zawadi ya kimya, agundue mwenyewe.

Mchana nilimfuata ukumbini kama kila Jumamosi, nikakaa benchi la nyuma. Padiri alikuwa kwenye kiti chake, mguu mmoja kaunyoosha juu ya stuli. Akamwita Papa. Papa akasimama mbele, akaweka fidla begani, akavuta pumzi, akavuta upinde.

Hakikutoka kitu. Upinde uliteleza juu ya nyuzi kama mguu kwenye tope, ukafika mwisho, na ukumbi mzima ukasikia pumzi tu, fyuuu. Akavuta tena. Fyuuu. Mtu wa tarumbeta akacheka, wengine wakafuata. Mimi nilikuwa nimeshafungua mikono tayari kupiga makofi. Kuna jambo hakuna aliyekuwa amenieleza: kolofani haipakwi ili singa ziteleze, inapakwa ili zing'ang'anie uzi. Fidla isiyong'ang'aniwa haisemi.

Papa akauleta upinde puani. Akaunusa mara mbili. Uso wake sikuufahamu tena. Akageuka polepole mpaka akamwelekea Tonton Severini.

"Ni grisi," alisema. "Jana nani alishika upinde yangu? Ni we peke yako. Una mashine, una grisi. Ulikuwa unataka ile kijiti, Severini, na umeniua mbele ya watu."

"Mi?" Tonton alisimama. "We unakaa Buyenzi, kushoto garaji, kuume garaji, halafu grisi unaisikia kwangu?"

"Sema kama si we!"

Tonton Severini alimtazama Papa. Akamtazama na Padiri, ambaye aliangalia goti lake. Akailaza fidla yake kwenye kasha, akafunga vifungo viwili, kimoja, kingine, akatoka. Alipita karibu na benchi langu na akanigusa kichwa kama kawaida yake. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini mikono yangu ilikuwa imejificha chini ya mapaja na ulimi nao ukafuata mikono.

Jioni Papa aliuosha upinde kwa sabuni. Singa zikashikamana, zikaanza kukatika moja moja, na aliyejua kuweka singa mpya hakuwapo mji mzima, ilibidi upelekwe Ulaya. Katika okestra ile mtu mmoja tu alikuwa na upinde wa pili, naye alikuwa Carama. Mimi nilinawa kwa sabuni ya unga, nikanawa kwa majivu, nikanawa kwa ndimu, na bado nilijisikia nanuka. Nikawa nakula nimegeuka upande. Mama akadhani nina minyoo, akaninywesha dawa, nami nikainywa bila ubishi kwa sababu ilikuwa chungu na niliona nastahili.

Konseri ya kumuaga Padiri ilikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Tulivaa vizuri, tukakaa safu ya pili. Padiri akasimama kwa taabu, akasema maneno, akamwita Papa, aliyebaki peke yake kati ya wale wawili wa mbele, akampa kijiti.

Nawaomba msicheke. Nilikitazama kile kijiti, chembamba, kifupi, kisicho na singa hata moja, nikaelewa kwamba hicho ndicho kilichobaki cha upinde wake. Nao wamempa akishike mbele ya watu. Kisha Papa akatugeuzia mgongo na akainua mikono. Shuleni kwetu adhabu kubwa ilikuwa hiyo hiyo: unasimama mbele, mgongo kwa wenzako, uso ubaoni, mikono juu, mpaka mwalimu atakapokuhurumia. Wenzake wote walikuwa wamekaa na vyombo vyao wanapiga. Yeye peke yake hakuwa na chombo, hakutoa sauti, na kila alipoishusha mikono akidhani amemaliza, watu walipiga makofi akalazimika kuiinua tena. Mara nne walimfanyia hivyo. Mbele yake kile kiti cha ndani, cha mgeuza ukurasa, kilikuwa kitupu. Nililia mpaka nguo yangu ikalowa kifuani, na Mama akanikumbatia akisema, "Ndiyo, mwana yangu, ni furaha, na mi pia nataka kulia."

Jumatatu asubuhi nikaona haiwezekani. Papa alikuwa ananyoa ndevu uani, kioo kimetundikwa kwenye msumari, na alikuwa anaimba. Nikadhani anaimba ili tusijue ameaibishwa.

"Papa, waambie wakuache," nilisema. "Si kosa yako. Ni mi nilipaka grisi."

Alicheka kwanza. "Waniache nini?" Halafu wembe ukasimama shavuni. Hakugeuka, alinitazama kupitia kioo, nusu ya uso ina povu.

"Grisi ya Rajabu?"

"Ego, Papa," nilikubali. "Ilikuwa inalia."

Nilingoja kipigo. Hakikuja. Alimalizia kunyoa polepole, akajikata, akaingia ndani. Mama ndiye aliyenivuta mkono mpaka jikoni.

"Umeambia nani mwingine?"

"Akuna."

"Basi funga kinywa. Papa yako alingoja hii kitu myaka mingapi? Padiri akisikia leo, kesho kijiti iko kwa mwingine. Umesikia?"

Nikasikia. Nikafunga kinywa. Wanasema majuto ni mjukuu, lakini mimi nilikuwa mjukuu mwenyewe na nilikuwa nayo tele. Kila jioni Papa alirudi kazini, nikamwangalia uso nijue kama leo ndiyo leo. Wakati mwingine alikaa amevaa kiatu kimoja, kingine mkononi, kana kwamba anataka kutoka, halafu akakivua. Ijumaa ya kwanza baada ya konseri ilipita bila mgeni, Mama akaweka vikombe viwili vya chai kwa mazoea, akakirudisha kimoja. Ijumaa ya pili vivyo hivyo. Nyumba ilikuwa kimya, na kwa mara ya kwanza nilitamani kusikia ile fidla ikilia kama mlango.

Ijumaa ya tatu hakuna aliyekumbuka vikombe. Jumapili, baada ya misa, Papa akaniambia, "Vaa viatu. Tunaenda kwa Tonton Severini." Tulipanda baiskeli mbili za kukodi, kila mmoja nyuma ya dereva wake, na njia nzima nilifanya mazoezi ya maneno yangu nikiyasema mgongoni mwa yule kijana. Tulipofika mwisho wa lami tukashuka, tukaendelea kwa miguu. Jua lilikuwa kali na Papa alitembea mbele haraka, nikawa nakimbia kidogo kidogo kumfikia.

Mashine ilikuwa imezimwa kwa sababu ya Jumapili. Tonton Severini alikuwa amekaa nje juu ya gunia, anasafisha chujio kwa brashi. Alituona tangu mbali na hakusimama. Tulipofika aliniamkia mimi kwanza. Papa akanisukuma begani, akasema, "Muambie."

Nikamwambia yote, Mzee Rajabu, kijiko, jani la daftari. Nilipomaliza alinishika mikono yote miwili, akaipeleka puani, akainusa, na akaanza kucheka, kicheko chake kile kile nilichokizoea chini ya meza yetu.

"Kumbe ni kamutoto aka! Ulitaka kusaidia papa yako?"

"Ego, Tonton."

"Ata mi ningefanya ivyo ivyo. Imekwisha. Mi nimekusamehe, unasikia? Usilie tena juu ya ile kitu."

Nililia hapohapo, kwa raha. Nikageuka nimwangalie Papa ili tufurahi pamoja. Alikuwa bado amesimama, hakuna aliyempa kiti.

"Alikuambia lini?" Tonton alimuuliza.

Papa alikohoa. Nami, nikiwa mwepesi sasa, nimesamehewa, nikajibu kwa niaba yake. "Nilimuambia Jumatatu, kesho yake ya konseri."

Tonton akahesabu kichwani. "Na Padiri?"

"Ameshaenda Ngozi," Papa alisema. "Aliondoka Alhamisi."

"Alhamisi. Ndo umekuja Jumapili."

Nilidhani ni mazungumzo ya kawaida ya watu wazima kuhusu siku. Papa akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Severini, rudi. Kiti yako iko. Utakaa ya inje sasa, ya kwanza. Nitaambia wote ukweli."

"Mutoto alipaka grisi," Tonton alisema. "Iyo ni ya mutoto. We ulifungua kinywa mbele ya watu, kisha ulipojua, ukakifunga."

Aliingia ndani, akatoka na maji kwenye vikombe viwili, akanipa mimi kimoja, na kingine akampa Papa kwa mikono miwili kama mgeni yeyote. Papa akanywa. Akarudisha kikombe, akasema asante. Tonton akachukua brashi yake, akaendelea na chujio. Papa alitimiza neno lake, Jumamosi iliyofuata aliwaambia wenzake wote, na hakuna aliyemnyang'anya kijiti, maana Padiri alikuwa mbali na mtu mwingine hakuwapo. Tonton Severini hakurudi. Nasikia fidla yake aliiuza kwa Mkongomani mmoja aliyekuwa anasaga mahindi kwake.

Siku ile tukirudi, Papa alitembea nyuma yangu. Mimi niliruka mitaro, nikaokota mawe, nikaimba. Kwa wiki zote zile sikuwa nimeimba. Tulipokaribia lami, watu wa baiskeli wakaanza kutuita, nikamngoja anifikie, nikamshika mkono.

"Papa, sasa Tonton amesamehe, si ndiyo?"

Alinivusha mtaro wa mwisho kwanza.

"We, ndiyo," akasema.